Maji ya Kipandio

Ukitoka Makambako ukaifuata barabara ya Njombe, kisha ukaiacha na kushika njia ya mkono wa kulia inayoteremka kuelekea nchi ya Wanging'ombe, utafika mahali ambapo ardhi imekatika. Haikukatika kwa kutisha, la. Ni kama mtu anapotoka kibarazani akakanyaga uani: unashuka ghafla kimo cha mtu na zaidi kidogo, halafu nchi inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mkato huo umenyooka mithili ya kitu kilichopimwa kwa kamba. Unapita kwenye mashamba, unapita nyuma ya kanisa la Kilutheri, unakwenda kupotelea ndani ya mipaini. Watu wa pale wanapaita Kipandio. Mtoto huzaliwa akakikuta, hukipanda akiwa mgongoni mwa mama yake, na akizeeka hukipanda kwa mkongojo. Hakuna aliyewahi kuuliza kiliwekwa na nani.

Chini ya Kipandio ndiko maji yalikokuwa yanatokea. Hayakuwa chemchemi ya kububujika kwa kelele. Udongo wenyewe ulikuwa unatoka jasho, kiangazi na masika, mweusi na laini kama uji wa ulezi ulioanza kupoa, na jasho hilo lilikusanyika polepole likashuka bondeni. Humo ndimo walimokuwa na vinyungu vyao, yaani yale matuta mapana ya bondeni yanayolimwa wakati mashamba ya juu yamelala. Mwezi wa Juni, baridi ikiwa kali na umande umeganda mweupe juu ya majani, wanawake walikuwa bondeni wakipandisha udongo. Walipanda mahindi, maharage, kabichi, figiri na viazi. Mwishoni mwa mwaka, ghala zilipobaki na vumbi na mahindi mapya ya mlimani hayajafika hata kiunoni, nyumba zilizokuwa na kinyungu zilikuwa zikichoma mahindi mabichi, na moshi wake ulisikika mpaka njiani.

Kinyungu cha juu kabisa, kilichokuwa kimeegemea Kipandio, kilikuwa cha Tabea. Alikikuta kwa mama mkwe wake, ambaye naye alikikuta kwa wake. Kwa kuwa maji yalianzia kwake ndipo yakawafikia wengine, hakuna aliyegusa kitu pale juu bila kumuuliza.

Siku moja ya mwanzo wa kiangazi alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua maharage, akasikia sauti njiani.

"Hodi mke mwenzangu!"

Alikuwa Jasmine, mjukuu wake, binti wa Haruni aliye fundi wa magari Makambako. Tangu utoto marehemu Ezekieli, mume wa Tabea, alikuwa akimwita Jasmine mke wake mdogo, na utani huo walibaki nao hata baada ya mzee kuzikwa.

"Mke mwenza gani anayekimbia nyumba?" Tabea akajibu bila kuinua macho. "Umeniachia mimi kaburi la mume, wewe umekwenda kuolewa na mawe."

"Mawe hayana ubishi kama wewe. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu, vuta kigoda. Umekonda. Hayo mawe hayakupikii?"

Jasmine alikuwa anasomea habari za ardhi, shahada ile ya pili. Alipokwisha kunywa chai na kumaliza viazi vyote vya kwenye sinia, alieleza kilichomleta. Kipandio, alisema, hakikuwekwa na mtu. Kilitokana na tetemeko. Hapo zamani nchi ilipasuka, upande wa juu ukabaki, upande wa bonde ukaketi chini kama mtu aliyechoka. Sasa yeye na mwalimu wake walitaka kuchimba handaki refu kukata Kipandio, ili wasome kwenye kuta zake lilitokea lini, na kama lilitokea mara moja au mara nyingi.

"Na mkishajua?"

"Tukijua linakaa muda gani kabla ya kurudi, tutajua kama ni la kusubiri au la kusahau. Angalia Makambako inavyokua, bibi. Kila siku ghorofa. Angalia shule, matofali ya kuchoma na udongo katikati. Likija leo, zitawaangukia watoto."

"Na unataka kuchimba wapi?"

Jasmine akatazama bondeni. Tabea akajua.

"Kwako udongo ni mbichi," alisema yule binti taratibu. "Palipo na unyevu makaa ya zamani hayaozi wala hayachanganyiki. Kwa makaa ndiyo tunahesabu miaka. Nimezunguka kote, bibi. Pazuri ni kwako."

Usiku ule Tabea alilala na neno hilo. Alifikiri. Mtoto huyu hakuwahi kumwomba kitu, hata nauli. Wengine walikuja na mikono mitupu na kuondoka na debe la mahindi, yeye alikuja na sukari na kuondoka na kicheko. Asubuhi yake Tabea alikwenda kwa Dafroza, dada wa marehemu mume wake, mwenye kinyungu cha pili, akamweleza.

"Wifi," Dafroza akasema, "mwizi aliyeondoka kabla babu zetu hawajazaliwa, wewe unamtafuta kwa kuchimba jikoni kwako?"

"Ni mtoto wetu anaomba."

"Ni mtoto wetu, kweli. Na akiomba jino?"

Lakini alikuwa anacheka alipolisema hilo, na mwisho akasema mwenye mali ni Tabea. Basi Tabea akakubali.

Kijiko, lile gari la kuchimbia, kililetwa na lori kutoka Makambako, na watu waliacha kazi kukitazama kinavyoteremka. Kilichimba siku nzima. Jioni palikuwa na handaki lililoanzia juu ya Kipandio, likakikata katikati, likashuka hadi mwanzo wa kinyungu, lenye kina cha kumficha mtu na mwenzake begani. Waliegemeza mbao kila upande ili kuta zisiwafunike. Wakaparua kuta kwa visu vya ujenzi mpaka zikalainika, wakapigilia misumari, wakafunga uzi kuwa vijumba vijumba kama daftari la hesabu, na kila mmoja akakaa na kijumba chake anachora. Mwalimu wa Jasmine, mtu wa Ludewa jina lake Aloyce, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, alikuwa anapiga magoti kwenye tope tangu asubuhi, na hakuna mtu aliyemsikia akinung'unika.

Jasmine alimshusha bibi yake humo kwa ngazi. Tabea alishika mbao, akanusa. Palinuka kama ndani ya mtungi.

"Lete mkono, bibi. Huu udongo mweusi, unaona unavyokwenda? Hii ilikuwa nchi ya juu. Majani yaliota hapa, wanyama walipita hapa. Fuata. Unakwenda, unakwenda, umekatika. Uko wapi?"

"Umekwisha."

"Haujaisha. Chutama. Uko huku chini." Akamshusha mkono hadi magotini. "Ni udongo uleule. Siku hiyo uliketi. Na juu yake, kifusi hiki chenye mawe kiliporomoka kutoka kwenye kidonda. Kisha miaka mingi, majani yakaota tena juu ya kifusi. Huu hapa mweusi mwingine. Na juu yake?"

Tabea akapapasa. "Kifusi kingine."

"Mara mbili, bibi."

Palipokatika palisimama utepe wa udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mwembamba, umenyooka kutoka chini hadi karibu na majani. Jasmine alisema huo ndio mpasuko wenyewe; mawe yalisagana yakawa unga. Tabea aliubonyeza kwa kidole. Ulikuwa mkavu upande mmoja na upande wa mlimani ulikuwa unatoka matone. Aliliona hilo kwa macho yake. Wote waliliona.

Tatizo lilikuwa maji. Kila asubuhi walikuta handaki limejaa hadi magotini, na chini ya ukuta udongo unamong'onyoka. Pampu iliyoletwa ilikula tope ikakohoa ikanyamaza. Makaa yaliyotakiwa yalikuwa chini kabisa, kwenye ule weusi wa kwanza, na ndiko kulikofunikwa. Aloyce akawaita vijana wake, akasema ni heri wafukie kabla ukuta haujamwangukia mtu.

Jasmine alikuja jikoni akakaa karibu na moto, uso umemvimba.

"Tumeliona, bibi, na hatutalijua. Kazi yote itakuwa picha tu."

"Kwa maji haya?" Tabea akashangaa. "Kwa maji haya mtu analia? Maji yakituama unayafungulia njia. Hujaona tunavyofanya kila mwaka?"

Na ndivyo walivyofanya kila mwaka. Katika bonde lile hakuna mwanamke aliyewahi kulilia maji kwamba ni machache. Adui wa kinyungu siku zote yalikuwa maji mengi: yanaozesha viazi, yanageuza maharage kuwa ya njano. Msichana hata kabla hajajua kusonga ugali alijua kukata mtaro. Kutoa maji ndiko kulikuwa kilimo chao.

Aloyce alisita. Alisimama ukingoni, akafuta miwani kwa shati, akasema, "Mama, udongo huu wa chini siujui vizuri. Tufukie tu."

"Baba, wewe unajua ulioko ukutani. Wa bondeni niachie mimi."

Akamtazama Jasmine, Jasmine akamtazama yeye kwa macho ya kuomba, na yule mtu akainamisha kichwa.

Wanawake walikuja na majembe, na Dafroza akiwa mbele na ndoo ya togwa. Walikata mtaro kutoka sakafu ya handaki kushuka bondeni, mmoja akipasua, mwingine akitupa, wakiimba nyimbo za kwaya na kuchomekea maneno ambayo mwinjilisti hakuyaweka. Ili maji yatoke chini kabisa iliwabidi washuke chini zaidi ya mtaro wowote waliowahi kukata. Walipasua ule utepe wa kijivu pale chini ulipoanza kupinda. Chini yake jembe la Dafroza likalia.

"Kokoto kama za reli!" akapiga kelele. "Wifi, tumefika stesheni! Makambako hiyo, shukeni na mizigo yenu!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Na maji, yaliposikia njia, yakaondoka. Yalizunguka kidogo juu ya zile kokoto kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, kisha yakamezwa. Mchana ule handaki lilikuwa kavu. Jasmine alishuka na kibano na vikaratasi vyake vya rangi ya fedha, akatoa vipande vya makaa vidogo kama mbegu za mchicha, akavifunga kimoja kimoja. Alipopanda alimkumbatia bibi yake na tope lake lote. Tabea alikula jioni ile akiwa na raha ambayo hakuwa nayo tangu Ezekieli alipokufa.

Kijiko kikarudi, kikafukia handaki, wakashindilia, wakapanda majani mahali pake, wakaaga vizuri.

Maji hayakuaga. Yalipungua tu. Kwanza Tabea alidhani ni jua. Matuta ya juu yalianza kupasuka nyufa nyembamba, kisha nyufa za kuingiza kidole. Mahindi yaliyokuwa yamefika magotini yakasokota majani yake asubuhi, mapema, kabla jua halijapata nguvu. Alipochimba kwa jembe pale palipokuwa panatoka jasho alikuta udongo wa vumbi, na alipochimba zaidi akakuta wa baridi, ila mkavu. Akaziba mtaro. Akaziba tena. Kisha maji yakaisha kwa Dafroza, na baada yake kwa wengine wote, kinyungu kwa kinyungu kuelekea chini, kama taa za nyumba zinavyozimwa.

Alituma habari kwa Haruni, na Jasmine akaja pamoja na Aloyce. Walizunguka bonde lote. Mwisho Aloyce akakaa juu ya tuta, akavua miwani.

"Ule udongo wa kijivu ulikuwa kama ukingo wa chungu, mama. Uliyazuia maji ya mlimani yakapanda, yakamwagikia kwenu. Tumeutoboa, na chini yake kuna kokoto. Sasa yanapita chini kwa chini, kwenda huko Usangu."

"Basi tuzibe."

"Tutajaribu."

Walijaribu. Hakuna siku ambazo Tabea alifanya kazi kama hizo. Walifukua, wakaleta mfinyanzi kutoka kwa wafinyanzi, wakautwanga kwa mitwango ya nyumbani, wakaukandika na kuukanyaga kwa miguu. Jasmine alikanyaga mpaka nyayo zikapasuka. Maji yalionekana kidogo, Dafroza akapiga kigelegele. Kabla ya mwezi kwisha yalikuwa yametafuta pa kupitia pembeni. Wakaziba pembeni. Yakapita kwingine. Aloyce alisema wazi kwamba hajui tena la kufanya, na kwamba kosa ni lake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa pale. Tabea akasema hapana, ni lake. Dafroza akasema wagawane, linawatosha.

Mvua zilipoanza bonde likalowa, na Tabea akajidanganya kama wote walivyojidanganya. Mvua zilipokoma, bonde likakauka pamoja nazo. Mwaka ule mwisho wa mwaka ulikuwa mrefu. Walikula kande za kununua. Dafroza alipanga chumba Makambako akawa anachoma mahindi ya watu wengine penye malori, akija nyumbani Jumapili kwa ibada tu. Katika mnada wa mavuno kanisani, pale ambapo kabichi za Kipandio zilikuwa zinagombaniwa, Tabea alitoa kuku.

Kiangazi kilichofuata Jasmine alirudi.

"Yale makaa yamejibu nusu," alisema. Hakuanza na utani, na Tabea hakumchokoza. "Tetemeko la kwanza tunalijua kidogo. La pili hatulijui. Vipande vilikuwa vichache. Huenda ni la zamani sana, huenda ni la juzi, wakati wa babu wa babu. Shimo moja halitoshi, bibi. Lazima tuchimbe jingine kwenye mkato huohuo."

"Wapi?"

"Bonde la pili, kwa akina Oktavia. Lakini mbali na maji. Juu, pakavu. Wala hatutakata mtaro, naapa."

"Una hakika maji yao hayatasikia?"

Jasmine alikuwa mtoto asiyejua kusema uongo, Ezekieli alimlea hivyo. "Nadhani hayatasikia," alisema.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kitongoji cha akina Oktavia. Wanawake walikaa kwenye majani, vinyungu vyao vikiwa vya kijani nyuma yao, na ungeweza kusikia maji yakipita. Jasmine alieleza vizuri. Alieleza habari za shule, habari za watoto, habari za nyumba zinavyoweza kujengwa zisiue watu. Hakuficha kilichotokea kwa bibi yake. Alisema walikosea na safari hii wangechimba pakavu. Watu walisikiliza, na wengine walikuwa wanatikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti Danieli akainuka.

"Tumemsikia mtaalamu. Lakini mama mwenye maji yupo hapa. Mama Haruni, wewe ndiye uliyechimbiwa. Tukubali?"

Tabea akasimama. Alimwona Jasmine amebana vidole vyake kama alivyokuwa akifanya utotoni akisubiri kuchanjwa. Alijua neno moja lingetosha. Alijua pia huenda mtoto yu sahihi, kwamba pakavu ni pakavu, na kwamba nchi ikija kuketi tena watakaokuwa chini ya matofali ni wajukuu wa hawa waliokaa kwenye majani. Yote mawili aliyashika, akayapima, na hakuona lipi zito. Akafungua kinywa aseme wakubali. Kilichotoka kilikuwa kile alichokijua.

"Maji yangu hayajarudi," akasema, akakaa.

Hawakupiga hata kura. Oktavia alisema, "Asante mama," na watu wakaanza kujikung'uta majani.

Jasmine alimsindikiza hadi nyumbani, akabeba kapu lake njia nzima.

"Sikukasirikii, bibi."

"Najua."

"Ningekuwa wao ningekataa pia."

"Kwa hiyo kazi yako?"

"Nitaandika kwamba hatujui." Akaweka kapu mlangoni, akafunga vizuri kilemba chake. "Baki salama, bibi. Nitapiga simu."

Alipiga, kweli, mwanzoni kila Jumapili. Siku hizi hupiga sikukuu.

Kijijini kuna sheria ndogo kwamba bondeni hapandwi milingoti, yaani mikaratusi, kwa sababu mti ule hunywa maji kama mlevi. Mwezi wa Desemba Dafroza alikuja kutoka Makambako na bajaji iliyojaa miche ya milingoti, kila mche ndani ya kiriba chake cheusi, akaishusha kwenye kinyungu chake bila kumficha mtu. Mwenyekiti wa kijiji alipita njiani, akaona, akaendelea na safari.

"Nimekuletea na wewe," Dafroza akasema. "Chukua. Miti haidai mtaro."

Tabea aliutazama ule mche. Ulikuwa mdogo, wa kijani cha bluu, unanuka kama dawa ya kifua.

"Tukipanda hii, wifi, hata maji yakitaka kurudi yatashindwa."

"Kwani yanataka?"

Tabea alikwenda nyumbani akaleta jembe. Walianza pale juu, kwenye Kipandio, na wakashuka pamoja, mmoja akichimba shimo na mwingine akipasua kiriba kwa meno. Udongo ulikuwa mgumu na kazi ilikwenda polepole. Hawakuimba. Mvua ya jioni ilipoanza kudondoka walikuwa wamemaliza kinyungu cha Tabea, na Dafroza akasema cha kwake wangekipanda kesho.